Mguu wa Modesta

Mkuyuni, Mwanza
9 Februari 2025

Shangazi Teodora,

Shikamoo. Hapa nyumbani tuko wazima. Hellen anakusalimu, na watoto wamemaliza michembe yote ya viazi uliyotuma. Nimewaambia wasubiri huruma ya bibi yao. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu havipatani, na jambo hili sitaki mtu mwingine akushikie simu wakati mimi napiga kelele upande huu. Ndiyo maana nimempa Ndalahwa barua aje nayo kwa gari lake. Akikawia kivukoni mgombeze wewe, mimi hanisikii.

Majibu ya Modesta yametoka. Ulipomleta mwezi wa kumi na mbili uliniuliza swali moja tu, kama ni usaha. Shangazi, usaha upo. Lakini chini yake kuna kitu kingine, uvimbe unaokula mfupa. Ni saratani. Nimeyasoma majibu mwenyewe, halafu nikaomba wenzangu wasome bila kuwaambia ni ya nani, nao wamesema vilevile.

Uliwahi kuniuliza huu utafiti wangu ni wa nini. Ni wa hili hili. Watu wa kandokando ya ziwa wanatufikia goti limevimba, limechanjwa na kupakwa majani, homa juu, usaha unatiririka. Tunausafisha, tunawapa dawa, wanaondoka wanashukuru. Wachache wao wanarudi baada ya miezi, uvimbe umeshakula mfupa. Natafuta njia ya kutenganisha usaha na uvimbe mapema. Na sasa vyote viwili nimevikuta katika mfupa mmoja, wa binti wa shangazi yangu.

Inabidi tukate mguu wa kushoto, juu ya goti, kisha aanze dawa za dripu. Modesta nimemweleza. Aliuliza kama dukani wanauza kiatu kimoja. Anasema hatakubali mpaka wewe mama yake useme.

Nakuomba usikae na barua hii.

Wako,
Yakobo


Ng'ambo ya Busisi
23 Februari 2025

Mwanangu Yakobo,

Marahaba. Wasalimu Hellen na wajukuu zangu. Michembe inakuja, na kopo la samli. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike. Mvua imetukimbia wiki mbili, lakini pamba bado imesimama.

Barua yako ilikaa kwa Ndalahwa siku nyingi, gari lake liliharibika huko huko. Mwandiko wako umezidi kuwa mbaya. Kama nisingekufundisha mwenyewe darasa la tatu nisingeambulia kitu.

Nimeisoma asubuhi, nikaenda shamba, nikarudi nikaisoma tena. Tangu Noeli nilikuwa napiga magoti kigangoni kumwomba Mungu iwe usaha. Mama mwenye akili zake anaomba mwanaye awe na usaha. Naye amenipa nilichoomba, akaongeza na kingine.

Mwambie Modesta mama yake amekubali. Nimekaa na baba zake wadogo. Walipiga kelele, mmoja akasema binti mwenye mguu mmoja nani atamtaka, nikamwambia atakayemtaka hatakuwa mtu wa aina yako.

Ila nina sharti, na hili si la kujadiliana. Mguu uje nyumbani. Kwa watu wa mume wangu kiungo cha mtu hulazwa kwao, karibu na makaburi ya wazee, na mwenyewe asije akafika ardhini kabla ya kiungo chake. Babu yake alipokatwa mkono na mashine ya kuchambua pamba, mkono ulizikwa kwanza, yeye akaishi hadi uzee. Najua wewe ni msomi na unakunja uso hapo ulipo. Kunja. Mguu wa mwanangu haukai kwenye chupa yako.

Ndalahwa anakuletea kitenge changu cha bluu, kile chenye ndege. Uufunge humo. Usiulete kwenye mfuko wa nailoni kama nyama ya buchani.

Shangazi yako,
Teodora


Mkuyuni, Mwanza
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Samli imefika, na watoto wanakula ugali kwa samli hadi wamekataa mboga. Hellen anashukuru, anasema wabeja sana.

Operesheni ilikwenda vizuri. Mimi sikushika kisu, maana haturuhusiwi kwa ndugu, lakini nilisimama mle ndani mwanzo hadi mwisho. Damu haikupotea nyingi. Kidonda ni kikavu. Ametoka wodini na yuko hapa kwangu, chumba cha uani ambako hakuna ngazi. Hellen ndiye anayemwogesha. Wanacheka huko bafuni mpaka najiuliza wanamcheka nani, nadhani ni mimi. Magongo ameyazoea upesi. Jana alikwenda mpaka dukani mwenyewe akarudi na pipi za watoto.

Usiku mguu usiokuwepo unamuuma, hasa vidole. Hilo ni la kawaida, mishipa haijapata habari. Litapungua.

Dripu ya kwanza ameshapata. Anatapika, nywele zitatoka, usishtuke ukimwona. Zinatakiwa dripu kadhaa, kila baada ya wiki tatu, na asiruke hata moja. Hili nalisema kama daktari.

Kuhusu mguu, kuna taratibu za hospitali. Nalishughulikia.

Yakobo


Ng'ambo ya Busisi
6 Aprili 2025

Yakobo,

Marahaba. Tu wazima. Ndama anakimbia. Mvua iliyotukimbia imerudi na hasira zake.

Umeandika ukurasa mzima, umeeleza hadi pipi za dukani. Mguu umeupa mstari mmoja. Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, najua mtoto anavyojibu swali ambalo hakulisoma.

Shimo tulichimba siku ya operesheni, upande wa babu yake. Mvua imelijaza maji. Vijana wameyachota, limejaa tena. Kila anayepita njiani anauliza tunamngoja nani.

Ndalahwa atakuja kumchukua Modesta baada ya Pasaka, apumzike kwetu katikati ya hizo dripu. Mpe na mguu.

Teodora


Mkuyuni, Mwanza
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini Modesta amefika salama na amepata usingizi. Nyumba imekuwa kimya tangu aondoke. Mtoto wetu wa mwisho bado anabisha hodi kwenye chumba cha uani kila asubuhi.

Samahani siku ile Ndalahwa alipofika nilikuwa chumba cha operesheni, hatukuonana. Mguu bado uko kwa wataalamu wa maabara. Mfupa mgumu kama ule lazima ulainishwe ndani ya dawa kwa muda mrefu ndipo ukatike vipande vyembamba vya kutazama. Na wa Modesta una mengi ya kusoma. Nisamehe nikisema hivi, ila ni mgonjwa ambaye utafiti wangu ulikuwa unamngoja. Wenzangu wa Dar wameomba kuona picha zake.

Dripu yake inayofuata ni wiki hii. Moja aliipata baada ya Pasaka, kabla hajaondoka. Tafadhali Ndalahwa asimcheleweshe.

Mwanao,
Yakobo


Ng'ambo ya Busisi
29 Juni 2025

Yakobo,

Marahaba. Mmesikia wenyewe shamrashamra, daraja la Busisi limefunguliwa. Sasa mtu anatoka Mwanza anafika kwetu chai haijapoa, wala hapangi foleni ya kivuko. Wazee wamekwenda kulitembelea kwa miguu na kurudi, bila shughuli yoyote, kulikanyaga tu. Nalisema hili ili ujue kwamba hata kisingizio cha kivuko kimekwisha kazi.

Tunavuna pamba. Ni nzuri mwaka huu, nyeupe, haina madoa.

Modesta hajambo. Dripu ya mwezi huu hakuja kwa sababu ya shughuli za shamba. Yeye ndiye anayekaa na pamba iliyoanikwa, anafukuza kuku kwa gongo. Anapenda kukaa nje.

Sikuulizi tena kuhusu mguu.

Mpe Ndalahwa mto mmoja mkubwa, ule wa pamba nzito. Modesta siku hizi anapenda kulala ameegemea. Ukipata miwili ni vizuri zaidi.

Teodora


Mkuyuni, Mwanza
20 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hellen amenunua mito hiyo sokoni Kirumba, amechagua mwenyewe na foronya zake za maua. Amekataa nimpe Modesta mito ya zamani ya hapa nyumbani. Watoto wamemtumia picha waliyomchora, ana miguu miwili. Nilitaka kuwaambia wairekebishe, Hellen akanikataza.

Shangazi, dripu hazina likizo ya pamba. Najua kazi ilivyo, lakini naomba mwezi ujao aje bila kukosa. Nimeshamwandikia nafasi. Kama tatizo ni usafiri, nitatuma gari.

Ni kweli daraja limetuondolea foleni. Nitakuja. Namalizia kuandika utafiti, una wagonjwa wengi na kila mmoja anataka kuhakikiwa upya. Nikimaliza tu nitakuja na ule mzigo wako, pengine mwezi ujao.

Nimefurahi kusikia Modesta anakaa nje. Hewa safi inamfaa.

Yakobo


Ng'ambo ya Busisi
10 Agosti 2025

Yakobo,

Sina habari za ng'ombe leo.

Mguu ulichomwa moto. Najua tangu Pasaka. Ulipojifungia huko chumba cha operesheni, Ndalahwa alikwenda mochwari kuuliza, na mzee wa pale akamwambia bila kuzunguka. Ulichomwa kwenye tanuri pamoja na nguo za wodini zisizofulika. Kwa sababu ya kitenge. Waliona kitenge kina damu, wakadhani ni nguo ya mgonjwa.

Kitenge changu. Nililia kwa ajili ya hicho peke yangu shambani, maana nilikituma nikidhani namheshimu mwanangu. Baada ya hapo nikasema, Yakobo ataniambia. Ni mtoto wa kaka yangu, amelala kwenye mkeka wangu akiwa na tetekuwanga, ataniambia. Nimengoja. Wewe ukaniandikia mfupa unalainishwa.

Sasa na mimi nikuambie langu. Modesta hakai nje kwa sababu ya pamba. Anakaa nje kwa sababu ndani hapati pumzi. Amekohoa tangu mwisho wa Mei. Mwezi wa sita alianza kutoa damu kidogo kwenye kitambaa. Akilala chali anazama, ndiyo maana nikakuomba mto. Nilikwambia analala ameegemea. Wewe daktari wa mifupa na saratani zake, mtu anakuandikia hivyo, unamjibu hewa safi.

Utasema kwa nini sikumleta. Aliogopa dripu, hilo moja. La pili, niliona nikimleta atakufia huko kwenu bila mguu, na wewe ukiwa unajificha. Nikaona bora anifie hapa. Huenda nimekosea kuliko wewe. Sitaki kupima leo.

Ameshajua kwamba anakwenda. Anauliza mguu wake utakuja lini, maana hataki kufika kwa babu yake kabla ya mguu. Hilo nilimfundisha mimi tangu mdogo, siwezi kulifuta sasa hivi kitandani. Nimekuwa nikimwambia Yakobo analeta.

Kama kuna chochote kilichobaki cha mguu huo, hata kucha, kilete. Kama hakuna, usije kunitazama.

Teodora


Mkuyuni, Mwanza
13 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma Ndalahwa akiwa amesimama mlangoni, na amekataa kukaa. Anaondoka sasa hivi na jibu.

Yote uliyoandika ni kweli. Nyongeza ni moja. Mguu ulikuwa ndani ya mfuko mwekundu wa hospitali wenye karatasi ya jina, na mfuko huo hauchomwi mpaka ndugu waulizwe. Mimi nilifunga kitenge chako juu ya mfuko. Nilitaka ukipokea uone ndege wako kwanza, usione mfuko. Karatasi ikabaki ndani. Asubuhi iliyofuata nilikuta kapu la mochwari nilimouweka ni tupu, nikaanza kutunga barua kichwani, na sikupata hata moja niliyoweza kukutumia.

Kuhusu mito kosa ni langu. Nimewafundisha wanafunzi wangu mara nyingi kwamba uvimbe huu hukimbilia kwenye mapafu. Nilisoma barua yako nikaona mto tu. Nilikuwa na hofu ya kusoma kwa makini kitu chochote kutoka kwako.

Kuna kilichobaki. Siku ya operesheni nilichukua vipande vya mfupa kwa ajili ya maabara. Vyote vimekwisha kukatwa isipokuwa kimoja, kimegandishwa ndani ya nta, ni kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea kilichokaribia kuisha. Humo ndani usaha na uvimbe viko pamoja, mfupa wake hasa, wa juu ya goti. Ndicho nilichokuwa nakitegemea kwa vipimo vilivyobaki. Kwenye utafiti Modesta hana jina, ni mgonjwa wa arobaini na moja. Nikikitoa hiki, mstari wake kwenye jedwali hauwezi kukamilika, na wenzangu watauliza.

Nimekitoa. Anacho Ndalahwa, kwenye kiboksi, kimefungwa kwa khanga ya Hellen. Safari hii jina nimeliandika juu.

Pamoja nacho kuna chupa ya dawa ya maumivu, maelekezo nimeyaandika kwa herufi kubwa. Mpe hata kama hajaomba. Inampunguzia na ile kiu ya pumzi.

Nina wagonjwa wawili wa kesho na keshokutwa ambao siwezi kuwaacha. Nakuja Jumamosi asubuhi. Nakuja hata kama hutaki.

Yakobo


Ng'ambo ya Busisi
31 Agosti 2025

Mwanangu Yakobo,

Nimekaa na karatasi hii siku kadhaa. Matanga yameisha, watu wamekwenda makwao, na nyumba ina sauti ya kuku tu. Ulisimama karibu na gari lako msiba wote, ukala ukiwa umesimama kama dereva wa kukodiwa. Nami sikukuita. Mengi nayaandika kwa sababu kusema sikuweza.

Ndalahwa alifika na kiboksi siku ileile jioni, jua bado liko ziwani. Modesta alikuwa barazani juu ya mito yake. Nilimpa mkononi. Akakifungua kile kitambaa, akakigeuzageuza, akakinusa. Akasema, "Mama, ndio mguu wangu huu? Umekonda." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukamshika. Alipotulia akaniuliza kama mguu mwenzake utautambua. Nikamwambia utautambua. Nilisema uongo au ukweli, sijui.

Akakaa nacho kiganjani usiku ule. Asubuhi baba zake wadogo, wale wale wenye kelele, walisafisha lile shimo. Lilikuwa limekauka, majani yameota ndani. Tulimbeba Modesta na mito yake hadi pale. Alikiweka mwenyewe, akining'inia mikononi mwao mpaka akagusa chini. Mwalimu wa kigango alisali kifupi. Hakuna aliyecheka udogo wake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumtandika atakayecheka.

Dawa yako ilimsaidia. Alilala mchana wote wa Ijumaa bila kuhangaika. Jumamosi alfajiri aliomba uji, nikaenda kuukoroga, nikarudi nao. Ulipofika ulitukuta tunachimba lile kubwa, pembeni ya lile dogo.

Mguu ulimtangulia, Yakobo. Kwa siku mbili, lakini ulimtangulia. Hilo ulilifanya wewe. Nimelitafakari sana kabla ya kuliandika, maana bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo kwa muda.

Kuhusu huo mstari wa arobaini na moja, usiufute na usijaze usichokuwa nacho. Wenzako wakiuliza kipande kiko wapi, waambie kimerudi kwao. Kama hakuna nafasi ya kuandika hivyo, tengeneza nafasi.

Michembe ya watoto anayo Ndalahwa. Ile picha yao nimeibandika ukutani, wasiirekebishe.

Mito pia nakurudishia. Foronya nimezifua mwenyewe na kuzianika juani, hazina doa. Mmoja mpe Hellen, aliyemwogesha. Mwingine uweke wodini kwako, na mgonjwa akikuomba wa pili, muulize kwa nini.

Shangazi yako,
Teodora